Shimo na Kambi: Wenye Usonji katika Kazi ya Kuchimbua Mambo ya Kale

Katika kila kazi ya kuchimbua mambo ya kale pana mahali pawili. Pana shimo, ambamo udongo huondolewa tabaka baada ya tabaka, na pana kambi, ambamo wachimbuaji hula, hulala, hufua nguo na kungojea mvua ipite. Historia ya shimo imeandikwa mara nyingi, na kwa fahari. Historia ya kambi aghalabu husimuliwa kwa masihara tu, katika kumbukumbu za wazee wanaocheka chakula kibaya na mahema yaliyovuja. Nataka kuzitazama historia hizi mbili pamoja, kwa sababu baina yake ndipo anaposimama mtu ambaye elimu hii imetumia mikono yake bila ya kumtayarishia mahali pa kukaa: mchimbuaji mwenye usonji. Mfano wangu ni Uingereza, maana huko ndiko zilikotungwa amri nyingi za shimo ambazo wanafunzi wa akiolojia husoma hata leo, na huko swali la kambi limekwisha kuulizwa kwa maandishi.

Jenerali Pitt-Rivers alirithi mashamba makubwa ya Cranborne Chase, kusini mwa Uingereza, mwaka 1880. Kabla yake, wengi waliofukua makaburi ya kale walikuwa wakitafuta vitu vizuri vya kupamba makabati yao. Yeye aliagiza kila kitu kiandikwe mahali kilipoonekana, hata kigae cha chungu cha maskini, akatoa mabuku manne makubwa baina ya 1887 na 1898. Alikuwa na desturi moja ambayo naipenda kuliko zote. Alipokwisha kuchimbua shimo, kabla ya kulifukia, aliweka chini yake nishani ndogo ya madini, ili mchimbuaji wa zamani zijazo atakayefika pale ajue kwamba udongo ule umekwisha kuguswa. Mtu yule wa baadaye hakujulikana jina wala lugha. Walakini jenerali hakutaka kumwachia kazi ya kubahatisha.

Mortimer Wheeler, askari wa mizinga katika vita viwili vya dunia, aliitia kazi hii nidhamu ya kijeshi. Katika ngome ya kale ya Maiden Castle, baina ya 1934 na 1937, yeye na mkewe Tessa, ambaye alifariki mwaka 1936 kazi ikiwa katikati, waligawanya ardhi katika miraba iliyoachiwa kuta za udongo baina yake, ili matabaka yasomeke ukutani kama mistari katika ukurasa. Kitabu chake cha mwaka 1954 kilipita mikononi mwa wanafunzi wa nchi nyingi. Mwaka uliofuata alizuru pwani ya Tanganyika, akastaajabia wingi wa vigae vya Kichina vilivyotapakaa kwenye mchanga wetu.

Hatua iliyokuwa kubwa zaidi ilizaliwa na tabu. Katika mji wa Winchester, Martin Biddle aliongoza uchimbuaji tangu 1961 hadi 1971, na kazi ile ikaacha shehena ya madaftari yaliyoandikwa na mikono mingi. Kijana mmoja kutoka Bermuda, Edward Harris, alikuwa miongoni mwa waliotakiwa kuyapanga matabaka kwa kutegemea maandishi hayo. Mtu aliyepata kusoma daftari la mwenziwe ataijua tabu yake: mwandishi huandika lile aliloliona kuwa la ajabu na kuliacha lile alilolidhani kuwa dhahiri, na lililokuwa dhahiri kwake ndilo hasa analolitafuta msomaji. Mwezi Februari 1973 Harris alibuni mchoro ambao sasa huitwa kwa jina lake, wenye kisanduku kwa kila tabaka, na mstari wa kuonyesha lipi liko juu na lipi liko chini. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 wachimbuaji wa mjini London, waliokuwa wakishindana na wajenzi wa maghorofa, walianza kutumia karatasi moja iliyopigwa chapa kwa kila tabaka. Karatasi huuliza, mchimbuaji hujibu. Rangi gani? Udongo mgumu au laini? Ni wa mfinyanzi, wa tope au wa mchanga? Mna nini ndani yake: mkaa, mifupa, chokaa? Liko juu ya tabaka gani, na chini ya lipi? Umelichimba kwa mwiko au kwa sululu, na katika hali gani ya hewa?

Ningependa msomaji atue kidogo juu ya karatasi hii. Wachimbuaji wa London walikuwa wengi, ujuzi wao haukulingana, na kazi za namna ile huwa za muda mfupi. Aliyechimba tabaka Jumatatu yamkini asionekane Ijumaa. Karatasi ilikuwa ungamo la elimu nzima kwamba neno lisilosemwa haliwezi kutegemewa, kwamba watu wawili wenye akili timamu wanaweza kuagizwa jambo moja wakalielewa mbalimbali, na kwamba dawa yake ni kuuliza waziwazi na kuandika waziwazi. Hapana aliyeona kuwa ni aibu kwa mchimbuaji stadi kuulizwa rangi ya udongo.

Sasa na tutoke shimoni tupande kambini. Hapa hapana karatasi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huletwa kwa gari katika shamba lenye mahema. Atalala na nani? Atajua akifika. Choo kiko wapi, maji ya kuoga hupatikana saa ngapi, nani hupika, nani huosha masufuria? Msimamizi huitwa kwa jina lake au kwa cheo chake? Mapumziko ya chai ni dakika 15 kweli, au ni mpaka mkubwa wao atakapoinuka? Maswali haya yote yana majibu, na wenyeji wa kambi wanayajua. Lakini hayakuandikwa popote, maana hakuna aliyepata kudhani kuwa ni maarifa. Jioni watu huenda baa ya kijijini, na huko, baina ya bilauri ya kwanza na ya pili, hutajwa kwamba kesho fulani atahamia shimo la kaskazini. Asiyekwenda baa huipata habari yake asubuhi, mwiko ukiwa mkononi.

Tena tabu ya kambi iligeuzwa kuwa mtihani wa tabia. Flinders Petrie, aliyeanza kazi zake Misri katika miaka ya 1880, alisifika kwa ukavu wa kambi zake na vyakula vyake vya makopo karibu sawa na alivyosifika kwa elimu yake. Hadithi za namna hiyo hurithiwa. Kijana akivumilia baridi, kelele, usingizi mchache na kukaa na watu usiku na mchana bila ya faragha, huhesabiwa kuwa amezaliwa kwa kazi hii. Akishindwa, husemwa kwamba hakuumbiwa. Katika vyuo vingi vya Uingereza majuma kadhaa ya kazi ya namna hii ni sharti la kupata shahada. Hivyo mtihani ambao hakuna mwalimu aliyeutunga, wala aliyeusahihisha, umekuwa ukiwachuja wanafunzi kwa zaidi ya miaka mia moja, na miongoni mwa waliochujwa wamo ambao mwiko na kalamu zao hazikuwa na kasoro yoyote.

Neno usonji si la zamani katika lugha yetu, na wazo lenyewe si la zamani popote. Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, alitunga jina lake la Kizungu mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kulitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya nafsi, naye alilitumia kwa kueleza dalili ya maradhi mengine ya akili. Grunya Sukhareva, daktari mwanamke wa Moscow, aliandika mwaka 1925 habari za wavulana sita ambao leo tungewatambua mara moja. Watu wa magharibi wakamsahau kwa muda mrefu. Mwaka 1943 Leo Kanner wa Baltimore alieleza watoto 11. Mwaka 1944 Hans Asperger wa Vienna alieleza watoto wengine, wengi wao wasemaji hodari, na kwa miaka mingi alisifiwa kuwa aliwaokoa na watawala wa Kinazi. Uchunguzi wa Herwig Czech, uliotangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba baadhi ya watoto aliwapeleka mwenyewe Am Spiegelgrund, nyumba ambayo watoto 789 walifia humo. Ukumbi huo wa mauti unapaswa kukumbukwa na kila anayewagawanya wenye usonji katika wanaofaa na wasiofaa.

Baadaye mizani iligeuka polepole. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim alikuwa bado akiwalaumu akina mama kwa ubaridi wa mapenzi, dhana ambayo imekwisha kuanguka kabisa. Lorna Wing, daktari wa London aliyekuwa mwenyewe mzazi wa binti mwenye usonji, pamoja na Judith Gould, walionyesha mwaka 1979 kwamba hali hii ni pana kuliko ilivyodhaniwa, na ya namna nyingi. Mwaka 2013 waganga wa akili wa Marekani waliyakusanya majina yaliyotawanyika chini ya jina moja. Watu wengi, na hasa wanawake, wameijua hali yao wakiwa watu wazima, baada ya kuishi miaka mingi wakijificha kwa kuiga mienendo ya wenzao, kazi inayochosha kuliko sululu.

Hapana wawili wenye usonji walio sawa. Lakini yako mambo yanayotajwa mara kwa mara, na kila moja lina mahali pake katika kambi. Masikio, macho, ngozi na pua huweza kupokea mno au kupokea kidogo: mlio wa jenereta ambao wengine wameacha kuusikia baada ya saa moja, kwake haukomi. Mabadiliko ya ghafula huvunja mpango wa siku nzima. Agizo lenye maana mbili hupokewa kwa maana iliyotamkwa. Na baada ya saa nyingi za kuwa pamoja na watu, nguvu humwishia kabisa, si kwa kuwachukia.

Damian Milton, mtaalamu ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 hoja iliyobadili mazungumzo. Alisema kutoelewana baina ya mwenye usonji na asiye nao ni kwa pande mbili: kama yule wa kwanza hausomi moyo wa wa pili, wa pili naye hausomi wa wa kwanza, walakini mmoja tu ndiye huitwa mgonjwa. Ukweli wa hoja hii hauhitaji hospitali kuonekana. Daftari la Winchester latosha, maana humo mwandishi na msomaji walipishana bila ya yeyote kati yao kuwa na kasoro.

Nasi wasemaji wa Kiswahili tusijione tuko mbali na jambo hili. Adabu yetu hupenda maneno yaliyofunikwa. Mgeni aliyekaa mno huambiwa kwamba mvua inakuja. Kijana aliyekosea huulizwa kama amelala vizuri. Tunao msemo kwamba fumbo mfumbie mjinga, mwerevu atalifumbua, nao umepitishwa kwa vizazi kana kwamba kufumbua fumbo ndicho kipimo chenyewe cha akili. Mwalimu wa lugha hawezi kulitukana fumbo, maana ndimo uliomo utamu wa nusu ya fasihi yetu. Lakini mbele ya shimo lenye kina cha mita mbili, ambalo kuta zake zaweza kuporomoka, msimamizi anayesema "huko si kuzuri sana" badala ya "toka humo sasa" ametia watu hatarini, na aliyebaki chini kwa kuwa hakuambiwa atoke hana ujinga wowote.

Sheria ya Uingereza iliingia kambini kwa kuchelewa. Sheria ya mwaka 1995 iliyokataza kuwabagua wenye ulemavu ilihusu zaidi ajira na huduma. Nyingine ya mwaka 2001 ikaipeleka mpaka katika masomo ya vyuo. Na Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 ikazikusanya zote. Kiini chake ni wajibu wa kufanya marekebisho ya haki, na kwa chuo wajibu huo hutangulia: chuo hakiruhusiwi kukaa kikingoja mwenye ulemavu aje abishe hodi ndipo kianze kufikiri. Baina ya sheria hizo Chuo Kikuu cha Reading, ambacho wanafunzi wake walichimbua kila kiangazi mji wa Kirumi wa Silchester tangu 1997 hadi 2014, kiliongoza uchunguzi juu ya ulemavu katika kazi za akiolojia, na mwongozo wake ukatoka mwaka 2007. Jambo lililo bora katika kazi ile ni namna ya kuuliza. Mwanafunzi hakuulizwa tu ana ulemavu gani; alipewa orodha ya kazi za uwanjani, kuchimba, kupima, kuchora, kuosha vigae, kuishi kambini, ajipime mwenyewe awezavyo kila moja, kabla ya kazi na baada yake. Kila mwanafunzi aweza kujibu, mlemavu na asiye mlemavu. Theresa O'Mahony, mchimbuaji mwenye ulemavu aliyeanzisha Enabled Archaeology Foundation, alikwenda mbele zaidi, akashikilia kwamba watu kama yeye waitwe kwa lile wanalowezeshwa kufanya.

Je, msaada wenyewe ni nini? Wengi hutazamia jambo kubwa na la gharama. Kwa sehemu kubwa ni kuipa kambi karatasi yake.

Barua itangulie safari. Iwe na picha ya mahali, ya mahema, ya vyoo na ya shimo. Ieleze nani atakuja kumpokea, saa ngapi wataamka, watakula nini, na kama chakula hakimfai anaweza kuleta chake. Mpango wa siku ubandikwe kwenye ubao asubuhi, na kando yake mpango wa pili: mvua ikinyesha tutafanya hivi, mashine ikiharibika tutafanya vile. Kwa mtu ambaye mabadiliko humwumiza, badiliko lililokwisha kuandikwa si badiliko tena. Ni njia ya pili ya mpango ule ule. Habari za kazi zitolewe ubaoni na si baani. Hili la mwisho ndilo dogo kuliko yote, na kwa maoni yangu ndilo linalopingwa zaidi, kwa sababu wasimamizi wengi huupenda mkutano wa jioni na hudhani kwamba undugu wa kazi hauzaliwi ila pale. Waende, wafurahi, lakini asiyekwenda asipoteze kitu ila furaha hiyo.

Maagizo ya shimoni yatazamwe upya. "Safisha hapa" ni neno linalosikika kila saa katika uchimbuaji, na mgeni wa kazi hii hudhani anatakiwa kuondoa takataka. Mchimbuaji hukusudia jambo jingine: kuparuza uso wa udongo kwa ncha ya mwiko, ukirudi nyuma, mpaka rangi za matabaka zionekane, kisha kukusanya udongo uliolegea. Aambiwe hivyo, aonyeshwe kipande kilichokwisha kusafishwa, aambiwe aanzie kamba ipi na akomee ipi. Vilevile na sifa na lawama. Msimamizi akisema "si mbaya", huenda amesifu na huenda amelaumu. Asemapo "ukuta huu umenyooka, lakini umechimba sentimita tatu chini ya tabaka", amefundisha.

Pawe na mahali pa utulivu, hata kama ni hema moja tupu lililo mbali na jenereta, na ruhusa ya kwenda pale bila ya kutoa maelezo. Vizuizi vya masikio vitolewe. Walakini hapa usalama una haki yake, maana penye mashine ya kuchimbua ni lazima mtu ajue inapogeuka. Basi dereva na wachimbuaji wakubaliane ishara ya mkono, na hakuna anayesogea mpaka ishara imeonekana na kujibiwa. Glavu ziwe za namna mbili au tatu, kwani tope la chekecheke lisilomsumbua mmoja humtesa mwingine. Hema la mtu mmoja litolewe kwa anayelihitaji. Awepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina wa kuulizwa maswali, ambaye hatauliza kwa nini umeuliza.

Liko kosa moja la watu wema ambalo nalichukia kuliko ukali wa wabaya. Mwenye usonji akionekana kuchoka, huondolewa shimoni akakalishwa mezani kuosha vigae, kwa huruma, majuma yote yaliyobaki. Kuosha vigae ni kazi ya heshima na wako wanaoipenda. Lakini mwanafunzi huyu alikuja kujifunza kusoma matabaka, na atakapoomba kazi ataulizwa alichimba nini. Aulizwe yeye mwenyewe. Pengine anachohitaji ni nusu saa ya kivuli, au kona ya shimo isiyopitwa na matoroli. Pia siri yake ni yake. Anaweza kumwambia msimamizi peke yake, au kuwaambia wote, au asimwambie mtu. Na kambi iliyoandika mambo yake waziwazi humfaa hata yule aliyenyamaza, jambo ambalo barua ya daktari haiwezi.

Wakati huu hutokea mtu akaleta hoja ya kipaji. Husema: wenye usonji huona vitu vidogo ambavyo wengine hawavioni, basi tuwaajiri kwa faida yetu. Hoja hii ina ndugu yake katika historia ya kale. Mwaka 1998 Nicholas Humphrey alilinganisha michoro ya wanyama katika pango la Chauvet huko Ufaransa, lililogunduliwa mwaka 1994, na michoro ya farasi ya msichana wa Uingereza mwenye usonji aliyeitwa Nadia, aliyechora kwa ustadi wa ajabu tangu umri wa miaka mitatu ilhali hakuwa na maneno ila machache. Humphrey hakusema kwamba wachoraji wa Chauvet walikuwa na usonji. Alitaka kuonya kwamba uchoraji mzuri si ushahidi wa akili kama zetu wala wa lugha kama yetu. Wasomaji wake wengine walikwenda mbali zaidi yake. Penny Spikins wa York na wenzake nao waliandika mwaka 2016 kwamba tabia za usonji yamkini zilikuwa na manufaa katika jamii za kale za binadamu. Ni mawazo ya kusomwa, na yanasisimua. Tena kuna mchezo wa kuwapima wafu, ambao kila mwanazuoni mkali wa zamani aliyependa upweke hupewa usonji baada ya mauti, bila ya daktari wala ridhaa yake. Mchezo huo siupendi, kwani mifupa haijibu maswali.

Hata mawazo hayo yote yakithibitishwa kesho, hayaongezi wala hayapunguzi haki ya mwanafunzi wa leo. Wako wenye usonji wenye jicho la tai, na wako wenye jicho la kawaida kama langu, ambao wanataka kuchimbua kwa sababu tu wanapenda kuchimbua. Asiye na usonji haambiwi athibitishe kipaji cha ajabu ndipo apewe hema. Na tumekwisha kuona Vienna ilivyokuwa mwisho wa kuwagawanya watoto kwa faida yao.

Katika nchi zetu swali hili halina budi kufika, kama halijafika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985, na wanafunzi wake huenda uwanjani kama wenzao wa kwingine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unahesabu kunyimwa marekebisho ya haki kuwa ubaguzi. Kambi zetu zina tofauti zake: mara nyingi tunalala katika madarasa ya shule iliyofungwa au nyumba za wenyeji, vibarua wa kijiji huchimba bega kwa bega na wanafunzi, na lugha tatu husikika katika shimo moja. Mahali penye lugha tatu, karatasi ya kambi ina kazi kubwa kuliko Silchester. Kibarua asiyesoma Kiingereza, mwanafunzi aliyetoka nchi jirani na mwenye usonji wote watasimama mbele ya ubao ule ule.

Inabaki fedha. Karatasi ni bure, na ishara ya mkono ni bure. Hema la pili, jozi za ziada za glavu, vizuizi vya masikio na siku moja ya kuwafundisha wasimamizi vina bei. Ombi la fedha za uchimbuaji huorodhesha misumari, kamba, mifuko ya vigae, mafuta ya gari na posho ya mlinzi. Vitu hivi viandikwe humo humo, katika orodha ile ile, tangu siku ombi linapotungwa, kabla hakujajulikana ni nani watakaokuja.